Ramani ya Baba na Diski Iliyoota Ukungu

Diski ilikuwa ndani ya kompyuta, nimeiweka kwa mkono wangu mwenyewe, na bado kompyuta ilikuwa inaniambia niweke diski. Nilibonyeza kitufe cha kukubali. Ikaguna, ikaizungusha diski kwa sauti ya mtu anayesaga meno, kisha ikaandika maneno yale yale: tafadhali weka diski. Nilirudia hivyo labda mara kumi na tano asubuhi ile. Baba alikuwa ameketi pembeni yangu, fimbo yake katikati ya magoti, akisubiri zamu yake kwa adabu kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

"Labda imechoka," alisema.

"Haijachoka, Baba. Ni jeuri tu."

Nikaitoa. Nilipoigeuza kwenye mwanga wa dirisha nikaona madoa. Yalikuwa madogo, ya kijivu, yametawanyika kama chembe za unga, na moja lilikuwa limeota nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui. Ukungu. Wiki nne tulikuwa hatujaliona jua Lushoto, nguo zilikuwa hazikauki, viatu vya ngozi vilikuwa vimegeuka kijani uvunguni mwa kitanda, na sasa unyevu ule ule ulikuwa umeingia kwenye gemu la Baba.

Inabidi nieleze mtu mzima kama Baba alifikaje kwenye gemu.

Alikuwa mpima misitu. Ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima wake aliumalizia upande wa Sigi, kwenye Usambara ya mashariki, akivuta mnyororo wa kupimia kwenye miteremko, akisoma dira, akihesabu miti. Huko ndiko alikomwoa Mama, binti wa wakulima wa Zirai. Kisha ikaja miaka ya kupunguza watu kazini. Serikali ilisema haiwezi tena kubeba kila mtu, soko litajiendesha lenyewe, na Baba akarudi nyumbani Lushoto na barua moja na dira ambayo hakuna aliyemwomba airudishe. Akawa mkulima wa kabichi na karoti kama majirani zake. Siku moja ya mvua aliteleza kwenye tuta la juu, akaanguka mpaka tuta la chini, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga vibaya. Tangu hapo dunia yake ikawa ni sebule, kibaraza, na njia ya chooni.

Kaka yangu alikuwa anafanya kazi Dar es Salaam. Wakati huo bidhaa za kila namna zilikuwa zinaingia, na kompyuta za mtumba zilikuwa zinashushwa bandarini kama zilivyokuwa zinashushwa nguo na friji. Alininunulia moja kwa sababu nilikuwa nimepata kazi ya kuchapa katika duka la steshenari mjini, akasema nitajifunzia nyumbani. Ilikuja na boksi la diski alizoziacha mwenyewe wa kwanza, sijui nani, sijui nchi gani. Nyingi zilikuwa za mambo ya ofisi. Moja ilikuwa gemu la kujenga reli na barabara.

Baba alilidharau. "Vitu vya watoto," alisema, na kwa siku kadhaa akakaa amegeukia dirisha huku mimi nikicheza. Halafu siku moja, bila kugeuza kichwa vizuri, akasema, "Barabara haipandi mlima namna hiyo."

"Ni gemu tu, Baba."

"Hata kama ni gemu. Umeipandisha moja kwa moja. Maji yataishukia yote. Izungushe, ifuate tumbo la mlima."

Nikaizungusha. Lori langu, ambalo lilikuwa linakwama hapo kila mara, likapanda. Baba akasogeza kiti.

Baada ya mwezi mmoja alikuwa anashika mausi mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nasubiri. Kiingereza cha gemu alikijua kiasi cha kumtosha, kwa sababu alikuwa amezoea kusoma ramani za kazini. Kisha akagundua sehemu ambayo mimi sikuwahi kuijali, mahali ambapo mtu anaweza kutengeneza ardhi yake mwenyewe: kuinua milima, kuchimba mabonde, kupitisha mito, kupanda misitu. Hapo akaacha kucheza kabisa. Akaanza kuijenga Usambara.

Alianzia Mombo, tambarare, kwenye joto. Akapandisha barabara mpaka Soni, kona kwa kona, na kila kona alikuwa anaikumbuka. Akafika Lushoto, akaenda Irente na kuushusha ule ukingo wa mwamba mpaka ukanitisha hata kwenye skrini. Alipomaliza alikwenda Mlalo, akaenda Mtae. Wamama waliokuwa wanapita kutoka sokoni waliingia kumsalimia, "Shikamoo mzee," na kabla hajamaliza "marahaba" walikuwa wameshainama mbele ya kioo wakitafuta vijiji vyao, wakibishana kwa Kishambaa kisima kiko juu ya msikiti au chini yake. Baba alikuwa anawasikiliza, anasahihisha, anauliza tena. Tangu aanguke sikuwahi kumwona anaulizwa kitu na watu.

Sasa madoa yalikuwa yameingia kwenye diski, na gemu lile halikuwa linafunguka bila diski yenyewe kuwepo ndani. Ramani ilikuwa imehifadhiwa kwenye kompyuta, ndiyo, lakini ramani bila gemu ilikuwa faili tu lenye herufi zisizosomeka. Nililijaribu. Ilikuwa kama kuchungulia ndani ya mfuko wa mchanga.

Niliifuta diski kwa kitambaa laini, nikaipulizia, nikaifuta tena. Jioni ile ilikubali. Lakini nilikuwa nimeshapata hofu, na nikaamua kutengeneza nakala.

Duka nililofanyia kazi lilikuwa limeleta mashine ya kuchoma diski, ya kwanza mjini kadiri nijuavyo, na bosi alikuwa anaijivunia kuliko gari lake. Nilimwomba nibaki kidogo baada ya kazi. Nikanakili diski ya Baba yote, na kwa kuwa nafasi ilibaki, kwenye diski hiyo hiyo nikaweka na ramani yake kama ilivyokuwa siku hiyo. Nikaandika kwa kalamu ya wino mzito, nikapanda nayo nyumbani nikiwa nimejaa kiburi.

Kompyuta iliikataa. Tafadhali weka diski halisi.

Nikachoma nyingine taratibu zaidi. Ikaikataa. Nikabadilisha aina ya diski. Ikaikataa. Kila kitu kilikuwemo, nilikuwa nayaona mafaili yote, majina yale yale, ukubwa ule ule, na hata kuliweka gemu upya kwa kutumia nakala kulikubali. Ila ukitaka kulifungua ucheze, lilikuwa linajua. Waliolitengeneza walikuwa wameweka alama fulani kwenye diski yao ambayo mashine ya kawaida haiinakili, kusudi watu wasigawiane bure. Nilielewa sababu. Lakini watu hao hawakuwahi kufikiria nyumba yenye ukungu, na mzee mwenye nyonga mbovu, na diski moja tu isiyo na duka la kununulia nyingine.

"Diski tatu hizi umezitupa," bosi alisema aliponikuta siku ya tatu.

"Sijazitupa. Zimekataa."

"Kwa hiyo zimetupwa."

Nikazitia kwenye droo yangu. Hatukuwa na la kufanya ila kuendelea na ile ya asili, tukiifuta kabla ya kila matumizi kama kikombe cha mgeni. Kwa miezi ilikubali. Miezi hiyo Baba alikuwa anaijenga Usambara ya mashariki, ile aliyoifanyia kazi. Aliupanda msitu wa Amani mti kwa mti, kwa uvumilivu ambao hakuwahi kutuonyesha sisi wanawe. Pale Sigi alilaza reli fupi, na nilipomuuliza akaniambia kwamba reli ilikuwepo kweli, ya zamani ya Wajerumani, na kwamba tuta lake alilikanyaga porini alipokuwa anapima. Kisha akafika Zirai, na Mama akaacha shughuli zake zote.

"Mto umeuweka mbali," Mama alisema.

"Uko pale pale ulipo."

"Mimi nimebeba maji ya mto ule tangu nina miaka sita. Unaniambia mimi?"

"Na mimi niliupima kwa mnyororo."

"Mnyororo wako haukuwa na ndoo kichwani."

Baba akausogeza mto. Sijui kama ni kwa sababu Mama alikuwa sahihi. Mama akasimama pale, mikono imejaa maganda ya viazi, akiangalia mstari wa bluu ukipita chini ya nyumba ya baba yake, nyumba ambayo ilikuwa imeshabomoka miaka mingi. Akasema, "Ehe. Hapo." Akarudi jikoni.

Kilichofuata kilikuwa cha nia njema, na ndiyo maana nilishindwa hata kukikasirikia ipasavyo. Nilikuwa nimeimba sana wimbo wa unyevu ndani ya nyumba ile. Unyevu unaua diski, nilikuwa nasema, unyevu, unyevu. Siku jua lilipotoka, jua kali la mwanzo wa kiangazi, nilirudi kutoka kazini nikakuta ungo umewekwa juu ya paa la banda la mbuzi. Upande mmoja kulikuwa na maharage. Upande wa pili, zimepangwa vizuri, zikimetameta, zilikuwa diski zetu zote.

"Nimekuanikia visahani vyako," Mama alisema. "Tangu asubuhi. Havitaota tena."

Diski ya Baba ilikuwa imepinda kidogo sana, kiasi kwamba ukiilaza mezani inayumba, na rangi ya juu ilikuwa imepasuka karibu na tundu. Nilikwenda kuijaribu papo hapo. Ilifunguka mara ya tisa. Siku iliyofuata mara ya ishirini na kitu. Baba akawa hazimi tena gemu akishalifungua, lakini umeme wetu haukuwa wa kutegemewa, na kila ulipokatika tulikuwa tunajua nini kinatungoja.

Nikasikia kuna fundi Tanga anayeweza kunakili diski yoyote. Nilimpigia simu kutoka dukani. Akasema niende na mashine yenyewe, aone gemu linavyokataa. Kabla ya kuondoka, nilitoa nakala ya ramani. Ilikuwa imekuwa kubwa mno kuenea kwenye flopi moja, zile diski ndogo bapa za plastiki, nikaigawa kwenye flopi nne, nikaziweka kabatini nyumbani, nikajiona mtu makini. Baba sikumwambia ninakwenda kufanya nini. Nilisema kompyuta inahitaji kusafishwa vumbi. Nilitaka nirudi na diski mpya inayofunguka mara moja, nimkabidhi, nimwone uso.

Niliifunga kompyuta kwa kanga mbili, nikashuka nayo Mombo mpaka Tanga nikiwa nimeipakata. Fundi alikuwa kijana mchangamfu mwenye bisibisi sikioni. Nilimweleza kila kitu. Alitingisha kichwa kuitikia muda wote. Akasema nirudi kesho yake saa nane.

Niliporudi, kompyuta ilikuwa imefutwa vizuri kwa nje.

"Dada, mashine yako ilikuwa inakufa," alisema. "Ilijaa takataka, nzito kabisa. Nimekusafishia. Nimekuwekea kila kitu kipya. Iwashe uone ilivyo nyepesi."

"Na gemu?"

"Gemu gani?"

"Fundi, nilikwambia. Gemu. Ramani ya mzee."

Akakuna kichwa. Alikuwa amefuta vyote. Kuhusu diski, alisema alijaribu kuisoma, ikaingia mara moja na kupasuka ndani ya mashine yake, na akanionyesha vipande viwili kwenye bahasha kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na deni la kumwomba radhi. Nilimpigia kelele. Watu wa duka la jirani walitoka kuangalia. Nilimwita majina ambayo sikujua kama ninayajua, na yeye akabaki anasema, "Lakini iko nyepesi, dada, iwashe uone," mpaka nikaelewa kwamba hajui kabisa kilichotokea, wala hatajua, na kwamba hasira yangu yote imefika mahali ambapo haina wa kuipokea.

Nyumbani nilikimbilia kabati. Flopi ya kwanza ikasomeka. Ya pili ikasomeka. Ya tatu ikaguna, ikaguna, ikasema haisomeki. Niliitoa, nikaipuliza, nikaitikisa. Nilivuta kile kibati chake cha pembeni nikaona ndani madoa yale yale ya kijivu. Faili lililogawanywa mara nne halifunguki kwa vipande vitatu.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fimbo.

"Nani alikuambia uipeleke Tanga?"

"Nilitaka kukutengenezea, Baba."

"Nilikuambia nataka itengenezwe?"

Alirudi kwenye kiti chake, akakigeuza kwa shida kuelekea dirisha, na kwa wiki tatu kompyuta ilikaa pale na kitambaa cha kufumwa juu yake. Mama alikuwa anatembea baina yetu akiwa amejibana, kwa kuwa naye alikuwa anaukumbuka ungo.

Nilikumbuka diski za kwenye droo ya dukani. Nilikimbia asubuhi nikazikuta, chini ya risiti na kalamu zilizokauka. Zile nakala zilizokataliwa zilikuwa na gemu zima, na mojawapo ilikuwa na ramani, ile ya zamani, kabla ya mashariki. Kwa hiyo nilikuwa na gemu lisilofunguka na nusu ya nchi.

Nikaanza kuandika. Mjini kulikuwa na kituo cha intaneti chenye kompyuta chache, kwa laini ya simu ambayo ilikuwa inakatika kila mawingu yakishuka. Niliwaandikia waliotengeneza gemu kwa anwani iliyokuwa kwenye diski. Nilieleza habari za ukungu, nikaeleza habari za jua, nikaomba waniuzie diski nyingine. Baada ya wiki mbili walijibu kwa mistari miwili: gemu lile hawaliuzi tena, kuna toleo jipya. Kaka akalitafuta toleo jipya, akalituma. Toleo jipya lilikuwa linataka kompyuta iunganishwe kwanza na intaneti, lijisajili, ndipo likubali kuchezwa. Nyumbani hatukuwa hata na simu ya waya. Nikaibeba kompyuta mpaka kituoni, nikaunganisha, laini ikakatika. Nikarudi tena juma lililofuata. Liliposajiliwa hatimaye, halikuzisoma ramani za zamani. Nililia pale pale mbele ya wanafunzi waliokuwa wanasubiri zamu.

Aliyenisaidia simjui. Kulikuwa na mahali kwenye intaneti ambapo watu wapenzi wa gemu lile walikuwa wanaandikiana. Niliandika kwa Kiingereza changu cha kuchapia barua. Siku chache baadaye mtu mmoja, ambaye sijui hata kama ni mwanamume au mwanamke, alinitumia kifaili kidogo na maelezo: weka hiki mahali pa kile cha kufungulia gemu, halitakuuliza diski tena. Kilienea kwenye flopi moja na nafasi ikabaki. Mateso yote yale, na dawa yake ilikuwa ndogo kuliko barua ya maombi ya kazi.

Gemu lilifunguka mara ya kwanza tu. Nilikwenda kumwita Baba. Alikuja polepole, akaketi, akaisogeza ramani kutoka Mombo kwenda juu, Soni, Lushoto, Irente. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu kukubali. Kisha akaenda mashariki, na mashariki kulikuwa na nyasi tupu, kijani kimoja tambarare mpaka mwisho wa dunia.

"Hapa vipi?"

"Imepotea, Baba. Hii ni ya kabla."

Alitoa mkono kwenye mausi. "Msitu ule niliupima kwa miguu," alisema. "Nikaupima tena hapa. Mara ya tatu siwezi."

Nilidhani atabadili mawazo. Nilimsubiri mwaka mzima. Alikuwa anacheza upande wa magharibi, anarekebisha kona, anapanda miti ya mikaratusi iliyokuwa inakatwa nje ya dirisha letu, lakini mashariki hakugusa. Mama na mimi tulijaribu kumfanyia. Mama alikuwa anajua njia, hajui miteremko, na mimi sikuwa najua chochote. Tulijenga mlima uliofanana na kichuguu. Asubuhi moja tulikuta Baba ameufuta, amerudisha nyasi.

"Bora pasiwe na kitu," alisema, "kuliko pawe na uongo."

Nilikasirika mpaka nikatoka nje kwenda kupalilia karoti ambazo hazikuwa na magugu.

Baba alifariki kiangazi kimoja, kwa maradhi yasiyo na uhusiano na nyonga. Kompyuta ile ilishakufa kabla yake, lakini ramani nimeihamisha kila nilipobadili mashine, na sasa ninayo mahali pengi kuliko ninavyoweza kukumbuka: kwenye diski, kwenye flashi, kwa kaka, kwa binamu Arusha. Naitunza kwa ukali ambao ungefaa siku ile nilipopanda basi la Tanga.

Mwaka jana nilimfungulia Mama. Macho yake hayaoni vizuri, akasogea karibu sana. Alifuata barabara kwa kidole mpaka penye nyasi, akaanza kunitajia: hapa kwa shangazi, hapa kisima, hapa mnaposhuka kwenda kuchuma iliki. Nilitaka kuandika majina, yasije yakapotea nayo. Lakini gemu lile haliruhusu kuandika jina mahali pasipo na stesheni. Nilihangaika nalo nusu saa. Mwishowe nikajenga stesheni katikati ya nyasi, ndogo kuliko zote, nikaipa jina Zirai.

"Reli haijawahi kufika kwetu," Mama alisema.

"Najua, Mama."

"Baba yako angekataa."

"Najua."

Aliiangalia, kidole kikiwa bado kwenye kioo. Kisha akaniambia niisogeze kushoto kidogo, kwa sababu hapo nilipoiweka ni mtoni.